Nimeongeza nyuzinyuzi, tumbo limezidi kuuma: maswali na majibu kuhusu choo kigumu cha IBS

Swali: Shikamoo dokta. Mimi ni mwalimu, nina miaka 34. Kwa karibu miaka minne sasa napata choo mara mbili kwa wiki, kigumu, vipande vipande kama kinyesi cha mbuzi, na tumbo huuma mpaka nikipata choo ndipo linatulia. Nimetibiwa minyoo, nimetibiwa amiba, nikaambiwa nina vidonda vya tumbo. Mwisho daktari mmoja alinipima vizuri, hakuona kitu, akasema ni IBS, yaani utumbo unaouma na kuvuruga choo ingawa vipimo havionyeshi ugonjwa, na nile vyakula vyenye nyuzinyuzi kwa wingi. Nimeacha sembe, nakula dona, kabichi mbichi, na kila asubuhi vijiko vitatu vya pumba za ngano kwenye uji. Leo ni wiki ya tatu, tumbo limejaa kama ngoma na maumivu yamezidi. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole sana. Hukufanya uzembe. Umefuata ushauri unaowafaa watu wengi, ila kwa tumbo kama lako umekosea mambo mawili: aina ya nyuzinyuzi na haraka ya kuziongeza.

Nyuzinyuzi, au makapi-mlo kama wataalamu wetu wa lishe wanavyoyaita, ni ile sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga. Inafika utumbo mpana ikiwa nzima. Lakini ziko za namna mbili. Kuna zinazoyeyuka kwenye maji na kugeuka ute. Ukipika mlenda au bamia unauona ule mvutiko wake, ndizo hizo. Ziko pia kwenye oti, mbegu za kitani, mbegu za chia, karoti na nyama ya chungwa. Ute huo hushika maji, kwa hiyo choo hubaki laini hata kikichelewa njiani. Halafu kuna zisizoyeyuka: pumba za ngano, pumba za mahindi, maganda na vikonyo vigumu vya mboga. Hizi hukwaruza ukuta wa utumbo, nao utumbo hujibu kwa kutoa maji na kusukuma. Mwenye utumbo mtulivu hahisi chochote. Mwenye IBS mishipa ya fahamu ya utumbo wake ni myepesi kuhisi, kwa hiyo mkwaruzo ule ule na gesi ile ile kwake ni maumivu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 275 wa IBS waliogawanywa makundi matatu kwa wiki 12: wengine walipewa gramu 10 za maganda ya mbegu za ispagula kwa siku, ambayo ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, wengine gramu 10 za pumba za ngano, wengine unga wa mchele usio na dawa yoyote. Ispagula ilisaidia. Kwenye kundi la pumba, wengi waliacha njiani kwa sababu hali ilizidi. Mwongozo wa madaktari bingwa wa mfumo wa chakula wa Marekani wa mwaka 2021 unasema hivyo hivyo: mwenye IBS apewe nyuzinyuzi zinazoyeyuka, si zile ngumu.

Kwa hiyo pumba ziache leo. Kabichi ipike mpaka ilainike, na kwa sasa ule kidogo. Dona si adui, ina virutubisho vingi kuliko sembe, lakini kwa wiki mbili hizi changanya nusu kwa nusu au rudi kwenye wali, tumbo lipumzike kwanza.

Swali: Mbona kila mtu anasifia pumba? Bibi zetu walikula dona maisha yao yote na hawakujua kufunga choo.

Jibu: Sifa hizo zina historia, na sehemu yake imetoka hapa kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kwa miaka mingi, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya choo vya watu wa nchi mbalimbali. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa takribani siku moja na nusu. Mabaharia wa Uingereza walitoa kama gramu 100, na chakula kilikaa zaidi ya siku tatu. Baada ya hapo Wazungu wakazikimbilia pumba, madaktari wakaziandikia hata wenye IBS, na ushauri ule ukarudi kwetu kama kanuni ya kila tumbo.

Lakini bibi hakula pumba kwa kijiko. Alikula ndizi, viazi, kunde, mboga za majani zilizoiva, matunda ya msimu, na alizoea hivyo tangu utotoni. Wewe umebadilisha chakula ndani ya wiki moja.

Swali: Sawa. Nianze na nini, na kiasi gani?

Jibu: Anza na ispagula. Inauzwa maduka ya dawa, na kwenye maduka ya viungo ya Wahindi utaikuta kwa jina la isabgol. Ubora wake ni kwamba bakteria wa tumbo hawaichachui haraka, kwa hiyo haileti gesi nyingi. Wiki ya kwanza chukua kijiko kimoja cha chai kwa siku. Koroga kwenye glasi nzima ya maji, unywe hapo hapo kabla haijaganda, kisha ongeza glasi nyingine. Wiki ya pili ongeza kijiko cha pili, chakula cha jioni. Wiki ya tatu, kama tumbo limekubali, cha tatu. Tumbo likijaa, usiache. Rudi kiwango cha nyuma ukae hapo wiki moja zaidi.

Hapa naomba unisikilize kwa makini: usiimeze kavu hata siku moja, na usiinywe ukiwa unaingia kitandani. Inavimba, na bila maji ya kutosha inaweza kukwama kooni au kuziba utumbo. Mwenye shida ya kumeza asiitumie. Kama unameza dawa nyingine, ziachane kwa saa mbili.

Usipoipata, kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa kwa siku kinafaa, kwenye uji au mtindi, na maji juu yake.

Kwa chakula, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Usiikimbilie namba hiyo, ifikie ndani ya mwezi mmoja au miwili. Chungwa moja lina kama gramu 3, kikombe cha papai lililokatwa kama gramu 2 na nusu, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 6 au zaidi. Mimi ningekupangia uji wa oti na papai asubuhi. Mchana wali na mchicha na samaki. Jioni ndizi za kupika au viazi na bamia au mlenda. Chungwa ulile na nyama yake, usikamue juisi, maana nyuzinyuzi karibu zote utaziacha kwenye kichujio.

Swali: Maharage hunijaza gesi mpaka naona aibu darasani. Niyaache kabisa?

Jibu: Si lazima. Maharage, kunde na choroko zina sukari fulani ambazo utumbo wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, basi bakteria huzichachua na gesi hutoka. Sukari hizo hutoka kwa maji. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga maji ya kwanza, kisha pika kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Anza na vijiko viwili vya chakula kwenye sahani, si bakuli.

Ila ningekuomba ukichunguze kitunguu kabla ya maharage. Kitunguu maji na kitunguu saumu vimo kwenye kila mchuzi wetu, na vina fruktani, wanga unaochachuka upesi sana. Chuo Kikuu cha Monash cha Australia ndicho kilichoanzisha mpango wa kupunguza vyakula vya namna hii, unaoitwa FODMAP, na vingine vya kupunguza humo ni ngano, maziwa, embe na tikiti maji. Fruktani haziingii kwenye mafuta. Kwa hiyo kaanga saumu kwenye mafuta, itoe, halafu endelea kupika na mafuta yale, ladha inabaki. Badala ya kitunguu maji tumia majani ya kitunguu, yale ya kijani tu. Tangawizi na bizari hazina neno.

Jaribu wiki nne. Ukipata nafuu, rudisha kimoja kimoja kila baada ya siku chache ujue adui yako ni yupi. Usijifungie vyakula vyote mwaka mzima, utapungukiwa lishe, na wewe bado unahitaji nyuzinyuzi zinazoyeyuka, si kuzikimbia.

Swali: Maji ninywe lita ngapi?

Jibu: Glasi nane hivi, zaidi kukiwa na joto au ukitokwa jasho. Chai na kahawa zisizidi vikombe vitatu. Lakini maji peke yake, bila kitu cha kuyashika tumboni, yataishia kwenye mkojo.

Swali: Nafunga Ramadhani. Itakuwaje?

Jibu: Ispagula ihamishie baada ya futari, na maji uyagawe kuanzia magharibi mpaka daku, usiyanywe yote kwa mkupuo. Futari zetu za muhogo, tambi na vitumbua ni nzito; weka papai na bakuli la mboga iliyoiva karibu. Tende mbili tatu zinatosha, zikizidi zinaleta gesi. Daku usiikose.

Swali: Mama mkwe ananichemshia sanamaki kila Jumamosi kusafisha tumbo. Niendelee?

Jibu: Mshukuru mama, nia yake ni njema. Sanamaki ni dawa kweli, hospitalini pia ipo kwa vipimo. Lakini hulazimisha utumbo kujikunja, na kwa mwenye IBS mkunjo huo ni maumivu yale yale unayoyakimbia. Majani ya kuchemsha hayana kipimo: leo kidogo, kesho kali. Unaharisha Jumamosi, tumbo linabaki tupu, siku tatu hakuna choo, na unaona umefunga tena. Iweke kwa dharura tu. Mafuta ya nyonyo na shubiri vilevile.

Swali: Huwa nabana nikiwa kazini kwa sababu choo cha walimu ni kimoja. Ina madhara?

Jibu: Ina, na pengine ni nusu ya tatizo lako. Choo kikikaa, utumbo mpana unaendelea kukinyonya maji. Utumbo una zamu yake: baada ya chakula cha kwanza cha siku hujisukuma wenyewe. Amka nusu saa mapema, kula, kunywa kitu cha moto, kisha nenda chooni ukae dakika kumi bila simu na bila kujikamua, hata kama huna haja. Choo cha kuchuchumaa ni rafiki, kwa kuwa magoti yakipanda, njia ya haja kubwa hunyooka. Kama nyumbani mna cha kukalia, weka kigoda chini ya miguu.

Swali: Nitajuaje kuwa si saratani?

Jibu: Umepimwa na umri wako ni mdogo, hilo litulize moyo. Lakini rudi hospitali bila kusubiri chakula kifanye kazi ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, ukikonda bila sababu, ukiambiwa huna damu ya kutosha, maumivu yakikuamsha usingizini, ukishika uvimbe tumboni, au kama mzazi au ndugu yako wa damu amewahi kuugua saratani ya utumbo. Anayeanza dalili hizi baada ya miaka 50 asijipe jina la IBS mwenyewe. Tumbo likivimba ghafla, unatapika na hata upepo hautoki, nenda usiku huo huo. Mpelekee daktari na orodha ya dawa unazomeza. Vidonge vya madini ya chuma, na dawa za maumivu kama tramadoli na kodeini, hufunga choo sana.

Swali: Nisubiri muda gani?

Jibu: Wiki nne baada ya kufika kiwango chako cha ispagula. Andika kwenye daftari kila siku: umekula nini, umepata choo au la, kilikuwa cha namna gani, maumivu kiasi gani. Tunachokitafuta ni choo laini kinachotoka bila kujikamua, hata kama ni siku moja kwa mbili. Hali isipobadilika, rudi kwa daktari na daftari hilo. Kuna dawa ya unga inayoitwa makrogoli, hulainisha choo vizuri ingawa maumivu inaweza kuyaacha palepale, na zipo nyingine za maumivu yenyewe. Ukipewa laktulosi, dawa nyingine ya kulainisha choo, mwambie daktari kwanza kuwa gesi ndiyo inayokutesa, maana nayo huiongeza.