Mizizi ya juu ya matawi na ukuta wa mawe

Kazi ya kuchunguza miti mirefu mara nyingi huanza na manati. Mtafiti hulenga tawi nene, pengine mita 30 juu, na kurusha kijiwe cha madini ya risasi kilichofungwa mshipi wa kuvulia samaki. Hukosa, hurudia, hukosa tena. Mshipi ukishapita juu ya tawi huvuta kamba nyembamba, nayo huvuta kamba ya kupandia. Ndipo mtu anapopanda, akining'inia hewani kama mgema aliyenyang'anywa mnazi.

Huko juu, kwenye dari la msitu, ndiko jua linakopokelewa na ndiko wadudu walikojaa. Mwaka 1982 Terry Erwin, mtaalamu wa wadudu kutoka Marekani, alieleza alichokipata nchini Panama baada ya kupuliza ukungu wa dawa ya kuua wadudu kwenye miti 19 ya aina moja: zaidi ya spishi 1,100 za mbawakawa zilidondoka. Akakisia kuwa dunia ina spishi milioni 30 za wadudu na jamaa zao. Waliomfuata wamelipunguza sana kadirio hilo.

Mimi huvutiwa zaidi na alichokionyesha mwanaikolojia Nalini Nadkarni mwaka 1981. Majani yanayooza juu ya matawi hugeuka udongo, kangaga na okidi huota humo, na baadhi ya miti huchipuza mizizi kutoka kwenye matawi yake yenyewe ili inyonye rutuba hiyo. Udongo huo hujikusanya kwa miongo. Ndiyo maana sherehe zetu za kupanda miche, pamoja na picha zake nzuri, hazilipi deni la mti mkongwe uliokatwa.

Anayeweza kuuokoa mti mkongwe usikatwe ni mtu anayeishi jirani nao, naye huitikia upesi akiona ulinzi unamfaa. Kaskazini mwa Ethiopia, sehemu kubwa ya msitu wa asili uliosalia imezunguka makanisa ya Othodoksi, vijisitu katikati ya mashamba. Mifugo iliingia ikala miche, miti mikubwa ikazeeka bila warithi. Alemayehu Wassie, mtafiti wa misitu wa Ethiopia, na Margaret Lowman, mtafiti wa dari la msitu kutoka Marekani, waliketi na mapadri wakatazama picha za satelaiti. Likaja shauri la kujenga kuta. Mawe yaliokotwa mashambani, yalikokuwa yakiwasumbua wakulima. Shamba likapata nafasi ya jembe, ng'ombe wakabaki nje, na ndani miche ikaanza kuinuka.