Jengo la Mtoto Lisibomolewe Jioni

Katika vituo vingi vya kulelea watoto wadogo mchana nilivyovitembelea hapa Dar es Salaam, vifaa vya kujengea havikosekani, iwe ni vipande vya mbao, makopo ya maziwa au maboksi, lakini muda wa kujenga ni nusu saa tu, kisha kila kitu hurudishwa kwenye gunia kwa kuwa chumba kinahitajika kwa uji au kwa usingizi wa mchana. Mimi hufundisha walimu wa elimu ya awali na kuwafuatilia wakiwa kazini, na nimesadiki kwamba hapo ndipo faida kubwa ya ujenzi inapopotea. Mtoto wa miaka minne aliyejenga ukuta leo na kuuona ukianguka anahitaji kuyakuta matofali yake pale pale kesho asubuhi, ajaribu njia nyingine. Tukiyazoa jioni, tunamwanzisha upya kila siku.

Katika kituo kimoja wilayani Temeke, watoto waliamua kujenga Daraja la Nyerere la Kigamboni, lile lenye urefu wa mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016. Siku ya kwanza walilaza kadibodi ndefu juu ya makopo mawili, na gari la kwanza lililopita likaibonyeza katikati. Mwalimu alitamani kuchomeka kopo la tatu, akajizuia, akauliza tu, "Imepinda wapi?" Mtoto mmoja akalala kifudifudi, akachungulia kwa chini, akaonyesha kwa kidole, na kazi ya siku hiyo ikaishia hapo. Kesho yake waliweka nguzo katikati, nayo ikaziba njia ya boti, ukazuka ubishi mkali kati ya wenye magari na wenye boti ambao mwalimu aliuacha uendelee mpaka wakakubaliana kuisogeza nguzo pembeni. Siku ya tatu mmoja wao akakumbuka kwamba daraja lenyewe lina minara iliyofungwa nyaya, wakaja kuomba kamba. Lau daraja lile lingevunjwa siku ya kwanza, nguzo isingewekwa, na kamba isingeombwa.

Kuhusu vifaa, hakuna haja ya kuagiza vya bei kubwa. Matofali ya mbao yanayotumika katika shule za awali nyingi duniani yanafuata kipimo kilichobuniwa na mwalimu wa Marekani, Caroline Pratt, mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo unene ni 1, upana ni 2 na urefu ni 4. Fundi seremala wa Keko au Buguruni anaweza kukata tofali la msingi lenye urefu wa sentimita 14, upana wa 7 na unene wa 3.5, kisha nusu yake na mara mbili yake, akitumia masalia ya mbao. Siri iko katika usahihi wa kipimo: nusu mbili zikilingana kabisa na tofali moja, mtoto anakutana na hesabu kabla hajajua kuandika tarakimu, na zikipishana hata kidogo, mnara unayumba kwa kosa lisilo lake. Mbao zipigwe msasa pembe zote mpaka zisiwe na vibanzi, zisipakwe rangi isiyojulikana ina nini, na zisiwe zile zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, kwa sababu watoto wadogo huweka kila kitu mdomoni.

Kwa sababu hiyo hiyo, vifuniko vya chupa, kokoto na shanga visiwekwe mbele ya watoto walio chini ya miaka mitatu. Kipimo rahisi ni lile bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni inapokwisha: kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto.

Mzazi naye asishangae kuona mwanawe wa miaka miwili akibeba matofali kutoka kona moja hadi nyingine bila kujenga chochote. Kubeba ndiko kuanza kwenyewe, maana anajifunza uzito. Baadaye atapanga mistari na minara, kisha ataunganisha matofali mawili kwa la tatu juu yake, atazungushia uzio, na kwa kawaida ni baada ya hapo ndipo atakuambia kabla ya kuanza kwamba anajenga nyumba ya bibi au kituo cha mwendokasi. Kumuuliza "hii ni nini?" mapema mno kunamlazimisha atunge jibu la kumridhisha mkubwa, ni afadhali kumwambia unachokiona, kwa mfano kwamba ameweka ndefu chini na fupi juu.

Najua vyumba vyetu ni finyu, na walimu wengi wameniambia hawana pa kuliacha jengo. Ufumbuzi niliouona ukifanya kazi ni kipande cha plaiwudi chenye ukubwa wa mkeka mdogo wa kuswalia, ambacho watoto hujengea juu yake, na wakati wa uji watu wazima wawili hukisukuma taratibu mpaka ukutani. Majina ya wajenzi huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni, na anayefagia jioni huambiwa mapema asikiguse. Siku ya kubomoa huchaguliwa na watoto wenyewe, nao ndio huhesabu matofali yakirudi guniani.