Kamba na kaa si samaki: jambo la kujua mwenye mzio

Kwenye pakiti za vyakula katika maduka makubwa ya Kampala utakuta onyo la Kiingereza: shellfish. Wengi hudhani ni samaki wa aina fulani, wakapita. Neno lenyewe ni la kale. Katika Kiingereza cha zamani liliandikwa scilfisc, zama ambazo karibu kila kiumbe wa majini aliitwa samaki, hata nyangumi. Maarifa yamesonga mbele, jina limebaki vilevile.

Wanaotajwa hapo hawana uti wa mgongo. Wako krasteshia, yaani kamba, kaa, kambakochi na uduvi, ambao hujivua gamba kila wanapokua. Na wako moluska: chaza, kome, konokono wa kuliwa. Pweza na ngisi nao huhesabiwa humo, ingawa gamba la nje hawana.

Mzio wa kamba husababishwa hasa na protini ya misuli iitwayo tropomiosini, ambayo haiharibiki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Protini inayowasumbua wenye mzio wa samaki ni nyingine kabisa. Ndiyo maana anayevimba midomo kwa kula kamba mara nyingi hula ngege au sangara bila tatizo, ingawa wa kulithibitisha hilo ni daktari. Iodini, madini yaliyomo katika vyakula vya baharini, husingiziwa tu kuwa chanzo cha mzio huu.

Msiseme hayo ni ya watu wa Mombasa. Ziwa Victoria lina uduvi wake, Caridina nilotica, chakula kikubwa cha sangara wachanga. Mukene, yaani dagaa wa ziwa hilo, huvuliwa usiku kwa taa na nyavu za matundu madogo, na uduvi huingia humohumo. Mwaga mukene mkavu kwenye ungo utazame: mukene amenyooka na anang'aa kama fedha, uduvi amejikunja, ana miguu mingi na sharubu ndefu. Akishasagwa kwenye unga wa uji wa mtoto, hakuna atakayemtambua.

Kwa hiyo mwenye mzio wa kamba asinunue mukene wa kusagwa. Aliyewahi kubanwa pumzi asitegemee hata kuchambua, maana vipande vidogo hubaki. Aache mukene mpaka apimwe. Akianza kukoroma kifuani au kuishiwa nguvu baada ya kula, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo. Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini, si kikombe cha maziwa.