Je, Wajua? Kwa Nini Fumbwe Mweusi Huimba Wimbo wa Mshigi

Pepeta wimbi uani, iwe Kisumu au Nakuru, kisha jitenge kidogo. Punde si punde watashuka ndege wadogo kuokota punje zilizomwagika. Wengi wetu huwaita wote shomoro, na hapo uhondo wote hutupita.

Anza na mshigi mwenye mdomo mwekundu. Ni mdogo kuliko shomoro, urefu wake kama sentimita 10. Dume ni mwekundu tangu kichwani hadi kifuani. Jike ni wa kahawia, ila ana wekundu kidogo mbele ya macho na juu ya mkia. Ukimsogelea utaona vitone vyeupe ubavuni, vidogo mno, na jicho lililozungukwa na duara jembamba la manjano. Hupenda kula chini, kwa hiyo mwagia wimbi ardhini au kwenye uteo, usihangaike kuning'iniza kitu juu.

Kazi iko kwa ndege wa pili, fumbwe mweusi. Msimu wa kuzaliana, dume huwa mweusi wa kung'aa kibuluu, na hupenda kukaa juu ya waya wa stima. Msikilize vizuri: katikati ya kelele zake za kukwaruza, anachomeka mlio wa mshigi, ule ule.

Aliupata wapi? Kwa mshigi aliyemlea. Fumbwe jike hajengi kiota. Hutaga katika kiota cha mshigi na kwenda zake. Kinda wake akipanua kinywa, ndani mna madoa kama ya makinda wa mshigi, basi wazazi walezi humlisha bila kushuku. Wala kinda huyo hawatupi nje makinda wenye kiota, wanakua pamoja. Kinda dume hujifunza wimbo wa baba mlezi, na jike aliyelelewa na mishigi huvutwa na dume anayeuimba.

Mtafiti Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan alilithibitisha hili: makinda wa fumbwe walipolelewa na ndege wa kufugwa wa aina nyingine, madume waliimba wimbo wa walezi hao, nao majike wakaupendelea. Kwangu mimi, hakuna la kustaajabisha zaidi uani.

Msimu ukiisha, fumbwe dume huvua weusi wake, akafanana na jike. Hapo mtazame utosi: ana mstari hafifu katikati, uliopakana na mistari miwili ya rangi iliyokoza. Shomoro wa mjini hana mistari hiyo.