Bukmaki za kivinjari: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Kusevu linki hakumshindi mtu, kazi ni kuiona tena ukiihitaji. Mtu akitaka kuingia kwenye akaunti ya benki au kuangalia matokeo ya NECTA anaanza upya kuandika Google, anabonyeza cha kwanza alichokiona, na matapeli wa kurasa feki wanapenda sana hiyo tabia. Bukmaki, yaani alama ya ukurasa unayoiweka ndani ya kivinjari ili uurudie kwa kubofya tu, ukiisevu mwenyewe kutoka kwenye anwani sahihi inakupeleka palepale kila siku. Ila zimezagaa dhana nyingi zinazofanya watu waziache bukmaki zao hivihivi.

Kubwa kuliko zote ni "nikibonyeza ile nyota ya kusevu bukmaki, ukurasa umeshaingia kwenye mashine yangu." Hapana jamani. Kinachobaki kwako ni jina na anwani, ukurasa wenyewe uko kwenye seva ya wenyewe, wakiufuta au wakihamisha unakutana na 404, yaani ukurasa haupatikani, basi. Kama ni kitu cha muhimu, tangazo la kazi au mwongozo wa kujiunga chuo, piga Ctrl+P usevu kama PDF. Na kwa sababu hiyohiyo, wanaosema bukmaki nyingi zinajaza diski au zinakula bando wanakosea, bukmaki elfu moja kwa kawaida hazifiki hata uzito wa picha moja ya simu.

Halafu kuna hii ya "menyu ya bukmaki iko vile ilivyo, huwezi kuigusa." Hapa ndo watu wanapoteza muda wao bure, kwa sababu menyu yote ni ya kwako kuipanga. Fungua Firefox au Chrome kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+Shift+O, meneja wa bukmaki anafunguka, hapo unaburuta kitu juu, unashusha chini, unatengeneza folda, unabadilisha majina. Kwenye Firefox unaweza hata kubofya kulia ukaongeza mstari wa kutenganisha makundi, vya kazini juu, vya nyumbani chini. Ushauri wangu, usipange kwa mada kama maktaba, panga kwa kile unachokifanya mara nyingi, maana folda ndani ya folda ndani ya folda hamna anayeifungua.

Ule upau wa juu, yaani mstari wa bukmaki ulio chini ya sehemu ya anwani, nao wengi wanadai ni mdogo, unabeba vitu sita saba umejaa. Sasa jaribu hivi: bofya kulia kwenye bukmaki iliyopo pale, chagua kuhariri, futa jina lote, sevu. Inabaki ikoni peke yake na inafanya kazi vilevile, kwa hiyo pale palipokaa majina saba zinakaa ikoni ishirini na bado nafasi ipo. Barua pepe, WhatsApp Web, YouTube, hizo ikoni zake kila mtu anazijua, jina la nini? Na kama upau wenyewe huuoni, Ctrl+Shift+B inauleta na kuuondoa. Tangu Firefox 85, ya Januari 2021, upau huo unatokea wenyewe ukifungua kichupo (tab) kipya.

Kuna wanaoamini bila kipanya huendi popote. Si kweli, kwenye Firefox kila bukmaki unaweza kuipa neno lake la mkato. Chukua anwani https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s uisevu, kwenye sehemu ya neno la mkato weka w tu, kuanzia hapo ukiandika w Kilwa kwenye sehemu ya anwani na kubonyeza Enter, unatafuta Kilwa moja kwa moja ndani ya Wikipedia ya Kiswahili, kile kialama cha %s kinabadilishwa na neno lako. Na ukianza na kinyota * halafu nafasi, Firefox inakutafutia ndani ya bukmaki zako tu. Chrome yenyewe unaandika @bookmarks.

"Nikifuta historia bukmaki zinaondoka." Haziondoki, ni vitu viwili tofauti. Ila ujue pia kwamba ukiweka bukmaki ukiwa kwenye dirisha la faragha (incognito) itabaki hata ukilifunga, kwa hiyo kwenye kompyuta ya watu kuwa makini.

Ya mwisho inaumiza watu kweli: "nimewasha sinki, niko salama." Sinki (sync), yaani kivinjari kulinganisha bukmaki zako kwenye simu na kompyuta zako zote, inanakili kila unachofanya, na kufuta kukiwemo. Mtoto akifuta folda kwenye simu, kwenye laptop nayo inapotea. Firefox ina afadhali kidogo kwa sababu kwenye kompyuta inatunza bakapu zake yenyewe, ingia kwenye meneja, sehemu ya kuingiza na bakapu, chagua kurejesha, utaona orodha ya tarehe, ila kurejesha kunafuta zilizopo sasa na kuweka za tarehe hiyo. Kwa Chrome, hamisha bukmaki zako kwenye faili la HTML mara mojamoja ulitunze kwenye flashi, faili hilo linafunguka kwenye kivinjari chochote, na Firefox, Edge na Safari zote zinalipokea.