Je, wajua kwa nini kambale wa Ulaya hafi kwa baridi kwenye tangi la nje lisilo na hita?

Majira ya baridi huko Poland au Ujerumani, bwawa la bustani linaweza kushika barafu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na kukaa hivyo kwa wiki kadhaa. Chini ya barafu hiyo anaweza kuwa amelala kambale mwenye urefu wa mita nzima. Hakuna hita, hakuna anayemtupia chakula, na ikifika masika ya huko anaanza kuzunguka akitafuta cha kutia tumboni. Anawezaje?

Tunayemzungumzia ni kambale wa Ulaya, ambaye wanasayansi humwita Silurus glanis. Kwao ni mito na maziwa ya mashariki mwa Ulaya, kuanzia Danube hadi Volga, na kaskazini anafika mpaka Sweden, ambako maziwa huganda. Hana magamba. Ana ngozi laini yenye ute, kichwa kipana kilichobapa, na sharubu sita: mbili ndefu juu ya mdomo na nne fupi chini ya kidevu. Kambale wetu wa Afrika, ambaye watu wa Nyanza humwita mumi, ana sharubu nane. Wanafanana kwa sura, lakini kwenye suala la baridi kila mmoja ana njia yake.

Samaki huyu hapambani na baridi. Ng'ombe au binadamu hula ili mwili wake ubaki na joto lilelile. Kambale hana mzigo huo. Maji yakiwa nyuzi 5, mwili wake nao uko karibu na nyuzi 5. Maji yanapopoa kwa nyuzi 10, mahitaji ya mwili wa samaki hushuka hadi nusu au hata theluthi ya yalivyokuwa. Moyo hupiga polepole, matamvua hufunguka na kufumba kwa nafasi ndefu, na mafuta aliyojiwekea wakati wa joto yanatosha kumvusha miezi ya njaa. Na maji ya baridi yana neema yake: hubeba oksijeni nyingi zaidi. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 25 inaweza kushika takriban miligramu 8 za oksijeni. Ya nyuzi 5 hushika karibu 13. Kwa hiyo wakati samaki anahitaji hewa kidogo kuliko wakati wowote, maji ndiyo yanayo kwa wingi.

Ndani ya seli kuna kazi nyingine inayofanyika. Kila seli imezungushiwa utando wa mafuta, na utando huo ukiwa mgumu, seli haifanyi kazi. Aliyewahi kupika kwenye asubuhi ya baridi anajua: mafuta ya nazi huganda kwenye chupa, ilhali ya alizeti hubaki majimaji. Samaki wa nchi za baridi hubadilisha mchanganyiko wa mafuta ya seli zake kadiri maji yanavyopoa, akiongeza yale yasiyoganda kwa urahisi. Lakini mabadiliko hayo yanataka muda, siku na wiki. Ndiyo maana kambale aliyeshuka taratibu pamoja na maji kutoka Septemba hadi Desemba hana shida, wakati yule aliyetolewa kwenye tangi la ndani la nyuzi 22 na kutumbukizwa nje mwezi wa kumi na mbili anaweza kufa, ingawa ni wa aina ileile na maji ni yaleyale.

Mumi hana uwezo wa kwenda mbali hivyo. Yeye amejaliwa kitu kingine: juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kama ya mti mdogo, anachokitumia kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji, na ndicho kinachomwezesha kuishi kwenye madimbwi ya tope wakati wa kiangazi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi anakua kwa shida, na yakishuka chini ya nyuzi 8 maisha yake yako hatarini. Uholanzi, ambako mumi amefugwa kwa miongo kadhaa, hukaa ndani ya majengo yenye maji yaliyopashwa joto. Mtu anayeishi Ulaya asije akanunua kambale kwa kuangalia sharubu tu, akamweka nje akidhani kambale ni kambale.

Sasa tangi lenyewe. Maji ni mazito zaidi yakiwa nyuzi 4. Yakipoa chini ya hapo huwa mepesi, hupanda juu na kuganda huko, na barafu hiyo inabaki kama kifuniko. Chini, kwenye ziwa lenye kina, hubaki tabaka la nyuzi 4 hivi, na huko ndiko kambale wakubwa hujikusanya. Kwenye mto Volga wavuvi huyajua mashimo hayo ya kina kwa majina, na sheria za Urusi hukataza kuvua humo msimu wa baridi, kwa sababu samaki wote wazito wa eneo wamelala pamoja hawana pa kukimbilia.

Tangi lililosimama juu ya ardhi halina bahati hiyo. Ziwa hupoa kwa juu tu, tangi hupoa kwa juu na kwa kuta zote, na kama ni fupi maji yote yanaweza kukaribia nyuzi sifuri bila tabaka lolote la chini la kumhifadhi samaki. Hapa ukubwa una maana kubwa. Tangi la lita 10,000 lina maji mara kumi ya lile la lita 1,000 lenye umbo hilohilo, lakini eneo la nje linalopoteza joto halifiki hata mara tano. Hivyo hupoa polepole sana, na usiku mmoja wa baridi kali hauligusi. Wafugaji wenye busara hulizamisha tangi ardhini kwa kina cha mita moja na nusu au zaidi, na sehemu inayobaki juu huizungushia mbao za povu gumu. Mimi ningechagua kina kabla ya upana, na ningefanya kazi hiyo kabla ya kumleta samaki.

Kinachoua samaki wengi majira ya baridi ni kukosa hewa chini ya kifuniko. Barafu ikiziba uso wote, oksijeni haiingii, na gesi za majani yanayooza chini hazitoki. Theluji ikilala juu yake, mwanga nao unakatika na mimea ya majini inaacha kutoa oksijeni. Kwa hiyo majani huondolewa yakiwa bado yanaanguka, na tundu moja huachwa wazi muda wote. Tundu hilo halitobolewi kwa nyundo. Kambale ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, na kwa sababu hiyo husikia vizuri kuliko samaki wengi. Kishindo cha nyundo juu ya kichwa chake ni mateso. Weka sufuria ya maji ya moto juu ya barafu iyeyushe taratibu, au tumia pampu ya hewa. Jiwe la pampu, lile linalotoa mapovu, likae karibu na uso, lisifike chini kabisa, maana mapovu yakitoka sakafuni yatayapandisha maji yenye joto na kuyachanganya na yale ya baridi.

Chakula husimamishwa maji yakiwa yamekaribia nyuzi 10, kwa kuwa tumbo limeshapunguza kazi na kinacholiwa hukaa humo bila kusagwa. Wengi hukosea mwezi wa tatu, jua linapotoka siku mbili mfululizo na samaki akasogea kidogo. Wanamlisha kama wakati wa joto. Kinga ya mwili wake bado iko chini, na bakteria wa kwenye chujio, wale wanaovunja amonia ya kinyesi, nao hawajarudi kwenye kazi zao. Maji huchafuka ndani ya siku chache. Kama kuna msimu wa kumtazama kambale huyu kwa makini, ni huo.

Halafu huja joto, na hamu ya kula. Hukua vizuri zaidi maji yakiwa nyuzi 25 hadi 28, na huko Albi, Ufaransa, watafiti walieleza mwaka 2012 jinsi kambale hawa wanavyojirusha hadi ukingoni mwa mto Tarn kuwakamata njiwa wanaokuja kunywa na kuoga, na kufanikiwa zaidi ya mara moja katika kila majaribio manne. Samaki aliyeuzwa akiwa na urefu wa kiganja hupita mita moja, na mtoni anaweza kupita mita mbili na nusu na kilo 100. Baridi humchelewesha tu.

Hapo ndipo wengi hushindwa na kumwachia mtoni. Katika mto Ebro, Hispania, kambale hao walipandikizwa mwaka 1974 na sasa wametawala maeneo makubwa ya mto huo, wakiwala samaki wa asili. Ndiyo maana England huwezi kumfuga bila kibali, na Marekani ilimweka mwaka 2016 kwenye orodha ya wanyama waharibifu wasioruhusiwa kuingizwa nchini. Aliye Ulaya na anayemtaka aulize kwanza sheria ya anapoishi, kisha apige hesabu ya tangi la samaki wa mita moja na nusu. Nafasi ikiwa ni ya mapipa machache ya maji tu, samaki wa dhahabu hupita majira ya baridi kwa njia zilezile, na hatahitaji kutafutiwa nyumba nyingine baada ya miaka sita.