Meza inayojaa, meza inayobaki tupu: sehemu mbili za The Godfather

Kazi yangu hapa Bukavu ni montaji, yaani kukata picha za filamu na kuziunganisha, na vijana ninaowafundisha huniuliza mara nyingi ni ipi iliyo bora kati ya The Godfather ya mwaka 1972, filamu ya familia ya wahalifu wa Mafia huko Marekani, na sehemu ya pili, ambayo Francis Ford Coppola aliitoa mwaka 1974. Wengi wetu tuliziona kwa Kifaransa, kwa jina la Le Parrain, na kwetu parrain ni kwanza yule baba wa ubatizo anayesimama kanisani. Ndiyo maana mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa uzito wa mwisho wa filamu ya kwanza, pale Michael Corleone, mkuu mpya wa familia hiyo, akiwa baba wa ubatizo, anapomkana shetani mbele ya padri huku watu wake wakiwaua maadui wake.

Filamu hiyo inakwenda kwa mstari mmoja, kutoka harusi ya mwaka 1945 hadi mlango unaofungwa mbele ya Kay, mke wa Michael. Ya pili imesukwa kwa nyuzi mbili: kijana Vito, aliyechezwa na Robert De Niro, anajenga familia New York, na mwanawe Michael, aliyechezwa na Al Pacino, anaibomoa kuanzia mwaka 1958. Wapo wanaosema kwamba kurudi nyuma na mbele huko kunachosha. Mimi naona ndiko kunakoibeba filamu nzima, kwa sababu upande wa Vito watu wanazidi kuongezeka mezani, na upande wa Michael viti vinazidi kubaki wazi.

Tazama Vito anavyomuua Don Fanucci, mbabe anayewatoza watu wa mtaa pesa kwa vitisho. Anamvizia gizani mlangoni kwake, bastola ameizungushia taulo, na risasi inapotoka taulo linashika moto. Kisha anaivunja bastola, anavitupa vipande kwenye mabomba ya moshi juu ya paa, anashuka, anaketi na mkewe kwenye ngazi za nyumba na kumpakata Michael mchanga. Sasa mtazame Michael mtu mzima, aliyeagiza kaka yake Fredo auawe: mashua iko mbali katika Ziwa Tahoe, Fredo anavua samaki huku akisali Salamu Maria, mlio mmoja unasikika, na Michael anaangalia kutoka dirishani. Kwangu mimi, ninayeona wavuvi wa sambaza wakiingia Ziwa Kivu kila jioni, picha ile ya mashua haijawahi kuzoeleka.

Nakubali kwamba filamu ya kwanza inafuatika kwa urahisi zaidi, na kwamba njama za Hyman Roth, mhalifu mzee anayefanya biashara na Michael, huko Kuba zinahitaji kutazamwa mara mbili. Zote mbili zilipata Oscar ya filamu bora. Ya kwanza ilipata tuzo 3, ya pili 6.

Hata hivyo, karibu na mwisho Coppola anaturudisha mwaka 1941, siku ya kuzaliwa kwa Vito. Watoto wote wako mezani, Fredo na kaka yao mkubwa Sonny wakiwa hai, na Michael anawaambia amejiandikisha jeshini. Baba anafika, wote wanakimbilia kumpokea, na Michael anabaki ameketi peke yake.